Funguo Ndani ya Friji

Brett Halloran alikuwa amelala chali juu ya mawe ya bustani, macho wazi, kisogo kimepasuka. Juu yake, ukingo wa roshani ya mbao ulikuwa umeng'oka na kubaki ukining'inia upande mmoja.

Inspekta Glenys Pascoe alipiga magoti kwenye roshani, akakwaruza kwa ukucha pale nguzo ya ukingo ilipokuwa imesimama.

"Gundi," alisema.

"Gundi tu?" aliuliza Sajenti Danny Luong, msaidizi wake. "Hakuna skrubu?"

"Hata msumari hakuna. Huu ulijengwa upigwe picha, Danny. Haukujengwa uegemewe."

Halloran alijulikana Australia nzima. Kila Jumapili jioni watu walikaa na sahani mapajani wakimtazama akinunua gofu, akivunja kuta kwa nyundo huku akicheka, na kipindi kikiisha gofu limekuwa kasri na linapigwa mnada. Miji mingine ilimpenda. Sisi wa Ballarat tulikuwa na maneno yetu, maana nyumba zake nyingi ziko huku na ni sisi tunaoishi ndani yake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Halloran alikuwa bingwa wa milango.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alivua glovu zake taratibu.

"Amekufa tangu jana jioni. Alianguka kinyumenyume."

"Alisukumwa?"

"Labda. Au aliegemeza mgongo na ukingo ukamwacha. Mwili peke yake hausemi."

Pascoe aliingia ndani. Ilikuwa nyumba ya kupendeza mpaka uiguse. Malimau ya kwenye bakuli yalikuwa ya plastiki. Vitabu vya rafuni vilikuwa migongo mitupu iliyobandikwa kwenye ubao. Luong alifungua bomba la bafu la pili, likakohoa hewa.

"Halijaunganishwa na kitu," alisema. "Mnunuzi ataoga kwenye televisheni tu, labda."

Imogen Slade, mtayarishaji wa kipindi, aliwakuta sebuleni. Alikuwa na kahawa mkononi, na macho makavu.

"Maskini Brett. Ajali mbaya," alisema. "Inspekta, mtakuwa mmemaliza kabla ya Jumamosi? Mnada umeshatangazwa."

"Mtu amekufa, dada."

"Najua. Ndiyo maana watakuja wengi."

Pascoe alielekea jikoni. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba matusi mengine ukiyatoa unajichosha bure.

Jikoni, Luong alikanyaga maji. Yalikuwa yanatoka chini ya friji, friji kubwa ya rangi ya fedha yenye milango miwili, na sakafu mpya ilikuwa imeanza kuvimba kama mkate. Pascoe akafungua. Harufu ikamrudisha nyuma. Kamba walioandaliwa kwa wageni wa mnada walikuwa wameoza na bia zilikuwa vuguvugu. Kando ya siagi, pamewekwa vizuri, palikuwa na funguo za gari.

"Swichi ya ukutani imezimwa," Luong alisema. "Na funguo hizi si za marehemu. Za kwake tumezikuta mfukoni."

"Nani anaweka funguo kwenye friji?"

"Mlevi. Mjomba wangu aliwahi kuweka viatu kwenye oveni, akamlaumu paka."

Pascoe alizitia funguo kwenye mfuko wa vielelezo, akarudi sebuleni.

"Dada Imogen, kuna mtu kwenye kundi lenu anayeweza kuacha funguo za gari ndani ya friji?"

Kwa mara ya kwanza Imogen alicheka. "Hao ni watu wa sauti. Wote wana wazimu huo. Friji hunguruma, na maikrofoni haina adabu, inasikia kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kurekodi wanaizima. Sasa wasije wakaondoka wakasahau kuiwasha, wanaweka funguo zao humo. Huwezi kwenda nyumbani bila funguo, si ndiyo?"

"Jana mlirekodi?"

"Jana hakuna aliyekuja. Mafundi wa rangi walimaliza juzi."

"Basi nani alihitaji ukimya humu?"

Kicheko kikamkauka Imogen mdomoni. "Mtu wetu wa sauti ni Wal. Wal Trembath. Lakini mzee yule, Inspekta, buibui akimkuta bafuni anamtoa nje kwa kikombe."

Pascoe alitoka mpaka barabarani, akabonyeza kitufe cha funguo juu ya plastiki ya mfuko. Mwisho wa mtaa, chini ya miti isiyo na majani, gari jeupe la mizigo likawaka taa.

Walimkuta Wal Trembath nyumbani kwake, ameketi kwenye ngazi za mbele na koti lake la baridi, kama anayesubiri teksi. Hakuuliza wanataka nini. Alimwita mkewe kwa ndani, "Lorraine, natoka kidogo," akawafuata.

Kituoni, Pascoe alimsomea haki zake.

"Una haki ya kunyamaza."

"Nimenyamaza maisha yangu yote, Inspekta. Ndiyo kazi yangu. Wengine wanasema, mimi nasikiliza."

Pascoe aliweka mfuko mezani. "Hizi za nani?"

"Zangu."

"Kwa nini hukurudi kuzichukua?"

"Sikuweza kuingia tena mle ndani. Nilitembea mpaka nyumbani. Nilikuwa njia nzima najiambia nirudi niwashe friji, kamba wataharibika. Hebu fikiria. Mtu amelala kule chini, na mimi nawaza kamba."

"Ulikuwa unarekodi nini, Wal?"

Alitazama mikono yake. "Unamkumbuka Josie?"

Pascoe alimkumbuka. Nani asingemkumbuka? Msimu wa baridi uliopita binti mmoja alikutwa amekufa sebuleni, amejifunika blanketi, kikombe cha chai kando, hita ya gesi bado inawaka. Moshi wake wa sumu, usio na harufu wala rangi, ulikosa pa kutokea. Matundu ya hewa ukutani yalikuwa yamezibwa kwa plasta na kupakwa rangi, na feni mpya ya jikoni ilikuwa inauvuta moshi kutoka kwenye hita na kuurudisha ndani. Nyumba ilikuwa ya Halloran. Mahakama ya uchunguzi wa vifo ilipouliza nani aliamuru matundu yazibwe, kampuni ya mafundi ilikuwa imeshafungwa, na kila aliyeitwa alisema hakumbuki. Halloran alisema hakumbuki huku akijifuta machozi. Ikaandikwa kwamba hakuna wa kulaumiwa. Mji mzima ulikasirika wiki moja, kisha Jumapili ikafika, tukawasha televisheni. Aibu yetu hiyo.

"Alikuwa binti yako," Pascoe alisema.

"Mimi ndiye niliyemwambia anunue. Nilimwambia, mwanangu, nyumba ile naijua, nimefanya kazi humo. Siku ya mnada nyundo ilipogongwa, ikawa yake, akalia kwa furaha, kamera ikamsogelea. Machozi yale bado wanayaweka mwanzo wa kipindi. Kila Jumapili. Na sauti ya kile kilio nimeisafisha mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

"Kwa nini hukuacha kazi?"

"Ningeacha, ningempata wapi Brett peke yake?" Alivuta pumzi. "Jana nilimwambia aje tukague nyumba, kuna mwangwi unanisumbua. Nikazima friji. Nikamwekea maikrofoni chini ya rafu ya vitabu vile vya uongo, nyingine kwenye roshani. Nilitaka sentensi moja tu. Jina la aliyesema matundu yazibwe. Niipeleke mahakamani wafungue upya kesi ya mwanangu."

"Na ukamuuliza."

"Nilimuuliza."

"Akakataa? Akakucheka?"

"Laiti angecheka." Sauti ya Wal ilishuka, Luong akalazimika kuinama kumsikia. "Alisimama pale kwenye ukingo, akanitazama kwa huruma. Akasema, 'Wal, kaka, nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana ulikaa kimya mahakamani.' Nikamuuliza, najua nini? Akasema, 'Ni wewe. Siku ile ya upepo. Ulivua spika zako za masikioni, ukasema matundu yanapiga mluzi, huwezi kunasa sauti, ama yazibwe ama twende nyumbani. Nikamwita fundi. Baadaye tukaona ukuta umependeza bila yale matundu, tukapiga plasta. Mahakamani sikusema kitu, nikakulinda wewe, ndugu yangu.'"

Luong aliacha kuandika.

"Alikuwa anadanganya?" Pascoe aliuliza.

"Brett alidanganya kila siku ya maisha yake. Jana hakudanganya. Aliposema tu, nikausikia ule upepo. Mluzi mwembamba, upande wa kushoto wa dirisha. Nilikuwa nimekasirika, nilikuwa na njaa. Nikasema, 'Ziba hayo matundu.' Mara moja tu nikasema, nikasahau, kama unavyomwambia mtu afunge mlango."

"Ulitaka yazibwe siku moja tu, kwa vitambaa. Plasta hukuiagiza wewe."

"Usinipe dawa hiyo, Inspekta. Nimejaribu kuinywa usiku kucha."

Nje, mlango wa kituo ulifunguliwa, mtu akauliza habari za mbwa aliyepotea.

"Kisha ukamsukuma," Pascoe alisema.

"Alikuwa bado anaongea. Anasema wala nisijilaumu, mambo ya televisheni ndivyo yalivyo. Nilitaka anyamaze."

"Ulijua ukingo ni wa gundi?"

Angeweza kusema hapana. Wakili yeyote angemsihi aseme hapana.

"Wiki iliyopita nilikuwa chumba cha pili wakati fundi anaupachika," alijibu. "Sikusikia nyundo. Sikusikia mashine ya skrubu. Nilijua."

Pascoe aliandika, akamsogezea karatasi atie sahihi. Wal akatia.

"Kinasa sauti kiko wapi?"

"Nyumbani, chini ya kitanda. Sikufuta kitu."

"Kwa nini hukufuta? Kinakufunga wewe."

"Kwa ajili ya Lorraine. Tangu tumzike Josie, mke wangu ananiuliza kila asubuhi, hata kabla ya chai: 'Wal, ni nani aliyeyaziba?' Jana nikitoka nyumbani nilimwahidi nitarudi na jina. Niliporudi akaniuliza, nikasema nimechoka, nikaingia kitandani." Aliusogeza mfuko wa funguo upande wa Pascoe. "Nenda kabla hajasikia kwa majirani. Keti naye, mwekee kile kinasa asikilize. Mimi kumwambia siwezi."