Ncha ya Pili ya Kijiti

Asubuhi ya mwaka mpya, Sanae alipokuwa akikusanya mabakuli ya supu, aliona vijiti vya kulia vya binti yake vimelowa upande usiotumika.

Vijiti vya sikukuu hiyo huchongwa ncha pande zote mbili: ncha moja ya mtu, ya pili ya mungu wa mwaka, anayekula pamoja naye. Sote tumekua tukijua hivyo, na hakuna kati yetu aliyewahi kuosha mate ya mungu. Lakini ncha hizi zilikuwa zimelainika kama muwa uliofyonzwa, na zilinuka udongo wa kaburini.

"Chizuru, umezitafuna?"

"Siyo mimi." Mtoto alikuwa na miaka sita, na hilo lilikuwa bakuli lake la nne. "Bado tuna njaa."

Sanae alimtazama mumewe, Tetsuo. Mama yake Tetsuo walimzika Oktoba, na nyumba yenye msiba haiweki matawi ya msonobari mlangoni, maana matawi hayo humwita mungu wa mwaka, naye hakanyagi penye kifo. Lakini Chizuru alililia sikukuu, na Tetsuo, ambaye hakuwahi kumnyima mtoto kitu, akayaweka. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Ni mama," Tetsuo alinong'ona. "Kaja kumwona mjukuu."

"Siyo bibi," Chizuru alisema huku anatafuna. "Bibi alikuwa na meno."

Siku ya tatu mtoto alikula kumshinda baba yake, na mbavu zake zilihesabika. Sanae akamwita Bi Okuno, mtunza hekalu la mtaa. Bikizee alikataa kuvuka kizingiti.

"Mungu hakuja, mwanangu. Kiti chake kakalia mwingine. Msiyaguse matawi. Tarehe kumi na tano tutayachoma hekaluni, na moshi ndio utakaomrudisha huyo alikotoka. Njia nyingine hana."

"Siku kumi na mbili? Mwanangu atafika kweli?"

"Vumilieni."

Tetsuo alishindwa. Siku ya tano mchana alimsikia Chizuru akitafuna ghorofani ilhali hakuwa na chakula chochote, kisha akasikia kinywa kingine kikifyonza taratibu kumjibu, na harufu ya udongo ikashuka ngazi moja baada ya nyingine hadi ikamfikia jikoni, ndipo alipotoka pekupeku kwenye theluji, akang'oa matawi, akakimbia nayo hadi darajani na kuyatupa mtoni.

Aliporudi, nyumba ilikuwa kimya na harufu imekwisha. Sanae alikuwa amempakata mtoto, analia kwa furaha.

"Umemwondoa, Baba Chizuru."

Tetsuo alipiga magoti mbele yao. "Mwanangu, una njaa?"

"Mimi sina." Chizuru alimpapasa baba yake shavuni, kama anayempa pole. "Ila yeye analia. Anasema njia yake umeitupa. Anauliza mtamtandikia wapi."