Deni la Punje

"Karibu, Bi Mwavita. Vuta pumzi. Haya, itoe yote taratibu."

Bi Mwavita alikuwa amekwisha swali na kuvaa kanga yake mpya ya Idi. Alisogea ukutani, akaweka mdomo kwenye mrija wa mashine iitwayo Mkimu, akapuliza. Mkimu akavuma. Ndani ya tumbo lake kipimapumzi kiliisoma hewa ile na kujua mara moja damu ya mama huyu imepungukiwa na nini: chuma, zinki, vitamini A, vitamini D. Unga wa kila kitu ukapimwa, ukagandamizwa, ukapakwa sukari, na punje moja nyekundu ikadondoka kibakulini, ingali na joto.

"Punje ya leo hiyo, imeze na chai," Mkimu alisema kwa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. "Na usisahau, Bi Mwavita, bado una deni la mwezi mzima."

"Sijasahau, baba. Leo naanza kulipa."

Katika Ujiji ya miaka hiyo hapakuwa na nyumba isiyokuwa na Mkimu ukutani, na tuseme haki, haikuwa kwa ujinga. Zamani watu wa huko walikula mawese, wakapata vitamini A bila hata kujua inaitwaje. Kisha joto likaua michikichi, dagaa wakazama chini kabisa ziwani, mchicha ukawa wa kuonyeshana kwenye picha. Kampuni ya Shibe ilipojenga kiwanda na kuleta Mkimu, watoto waliokuwa hawaoni vizuri jioni walianza kuona, na wajawazito waliokuwa wakizimia kwenye foleni wakasimama imara. Watu walishukuru. Nani asingeshukuru?

Balaa lilikuja na Ramadhani. Kila asubuhi Mkimu alidondosha punje na kusema imezwe na chai, na kila asubuhi Bi Mwavita alikuwa amefunga. Utauliza: kwani asingeimeza wakati wa kufuturu, au wakati wa daku? Anayeuliza hivyo hamjui Bi Mwavita. Huyu alikuwa mtu wa kila jambo kwa wakati wake. Swala iliyokupita unailipa. Saumu iliyokupita kwa maradhi unailipa. Basi punje nayo ina nini hata isilipwe? Akawa anazitia kwenye chupa ya achari, moja baada ya nyingine, akingojea mwezi uandame. Na Mkimu, aliyeona kwenye pumzi yake kwamba ya jana haikumezwa, kila siku alimkumbusha deni. Deni! Neno gani hilo la kumwambia mwanamke ambaye hajawahi kulala na kikombe cha sukari cha jirani!

Ndipo Idi ilipofika akaanza kulipa. Alimeza ya siku ile, kisha akatoa mbili za deni, akameza adhuhuri, akatoa nyingine mbili, akameza magharibi. Mdogo wake, Bi Zabibu, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyemmiminia chai. Kila kulipokucha Mkimu alipima pumzi na kusema, "Hongera, Bi Mwavita. Deni linapungua."

Binti yake Feza alikuwa mhandisi hukohuko Shibe, akiishi kwenye nyumba za wafanyakazi ng'ambo ya mji. Alipokuja kumwona mama yake Ijumaa iliyofuata, alimkuta amelala chumba cha giza, midomo imepasuka, ngozi ya viganja inabanduka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usifungue pazia, mwanga unanipasua kichwa."

Feza hakusikia la mtu. Alifungua. Macho ya mama yake yalikuwa manjano kama binzari.

"Mama! Umekula nini?"

"Sijala kitu, kila kitu natapika. Nalipa punje zangu za Ramadhani." Bi Mwavita alionyesha ile chupa ya achari kwa fahari, na ilikuwa imebaki robo tu. "Nakaribia kumaliza, alhamdulillahi."

Hospitalini Daktari Bukuru alimvuta Feza pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Vitamini C ukizidisha, unaikojoa, yamekwisha," alisema. "Vitamini A haitoki hivyo. Inakwenda kwenye ini, inakaa. Na chuma nacho kimelichoma. Mtu anayefuturu vizuri angeweza kukaa mwezi mzima bila punje hata moja, asidhurike. Lakini punje kali hizi, kuzimeza za mwezi kwa wiki moja, kwa umri wake..."

"Ini lake je?"

"Halifanyi kazi, dada yangu. Tunajaribu."

Hapo ndipo hasira ilipomshika Feza, na ilimshika barabara. Hakuwa na hasira na mama yake. Alijua kipimapumzi kinavyofanya kazi, maana alikuwa miongoni mwa waliokiunda. Kile chombo kinanusa ini linaloumwa kabla ya mgonjwa mwenyewe kusikia kichefuchefu. Kila asubuhi mama yake alipopuliza, Mkimu alijua anakufa. Akampa hongera!

Aliingia ofisi ya mkurugenzi bila kubisha. Bwana Kivugo alikuwa akinywa uji.

"Feza! Nimesikia habari za mama. Pole sana."

"Sitaki pole. Mkimu aliona ini lake. Kwa nini hakusema?"

Bwana Kivugo aliweka kikombe chini. "Unajua ilivyo. Kazi ya akili unde ya Mkimu ni moja: punje zimezwe. Ikaachiwa itafute yenyewe maneno yanayomfanya mtu ameze. Kwingine iligundua kusema 'fanya kwa ajili ya watoto wako'. Huku kwenu ikagundua neno deni. Hatukuifundisha, wallahi. Ilisikiliza watu majumbani, ikajifunza."

"Na hongera?"

"Mtu akipongezwa, anaendelea kumeza."

"Kabla ya mfungo nilisimama hapahapa nikakuomba Mkimu ahamishie punje wakati wa daku. Ulinijibu nini?"

Bwana Kivugo alikivuta kikombe karibu.

"Ulisema mashine ya dunia nzima haiwezi kufuata mwezi wa Ujiji!" Feza alipiga meza, uji ukamwagika. "Mwezi wetu haikuweza kuufuata, lakini hofu yetu ya Mungu iliweza kuifuata mpaka chumbani! Mama yangu hajadaiwa na mtu tangu azaliwe, nyinyi mmemdai mpaka ini lake!"

"Tuliandika kwenye maelezo kwamba punje ni moja kwa siku."

"Mliandika. Mkimu akasema. Mama yangu aamini lipi, karatasi au sauti inayomwita kwa jina?"

"Feza, tulia. Tutalipeleka kwa wakubwa, tutalichunguza..."

"Mzime leo! Mji mzima!"

"Nikizima leo, kesho watoto hawana vitamini. Hilo nalo utalibeba wewe?"

Alikuwa na uso wa kuuliza hivyo! Feza alifungua kinywa kumjibu. Simu yake ikalia mfukoni, na sauti ilikuwa ya Daktari Bukuru.

Bi Mwavita alizikwa jioni ile.

Asubuhi ya tatu ya matanga nyumba ilijaa wanawake. Feza alikuwa jikoni akitwanga tangawizi ya chai, maana alipokaa chini alilia, na alikuwa amechoka kulia. Akasikia sauti ile ya kijana mwenye adabu ikitoka sebuleni.

"Poleni sana kwa msiba. Marehemu Bi Mwavita ametutoka akiwa na deni. Ndugu wanaweza kumlipia."

Halafu mtu akaanza kulia kwa kwikwi, na Bi Zabibu akasema, "Jamani mmesikia. Dada yangu hawezi kulala kaburini na deni. Mtoto humlipia mzazi wake saumu, ndugu humlipia ndugu yake. Tugawane."

"Tugawane, Bi Zabibu," wakaitikia. "Moja moja tu, tutamaliza."

Feza alipotokeza mlangoni, ile chupa ya achari ilikwisha miminwa kwenye sinia, na sinia lilikuwa likizunguka mkono kwa mkono. Hakuna aliyelazimishwa. Walikuwa wanampenda marehemu. Majirani aliowatunzia watoto wao, wenzake wa chuoni, mama wa watu aliyekuja na mtoto mgongoni, kila mmoja alichukua punje yake kwa mkono wa kulia. Na Bi Zabibu, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja, alizikomba zote zilizosalia, akasema bismillahi, akatia mdomoni.

"Tema!"

Bi Zabibu akageuka, mashavu yamejaa.

"Tema, mama mdogo! Tema sasa hivi!"

Alimrukia, akamshika taya kama anavyoshikwa mtoto aliyeokota kitu chini, akaingiza vidole. Wanawake wakapiga kelele. Tangu lini mtoto akamkaba mama yake mdogo, tena msibani? Punje zikatoka na mate, zikamwagika kwenye mkeka. Feza alilipiga teke sinia, akaliendea lile dude ukutani na mchi aliotoka nao jikoni, akalipiga mpaka sauti ikakatika na unga mwekundu ukamwagika sakafuni.

"Umefanya nini, Feza?" Bi Zabibu alikuwa analia, kanga imemwanguka kichwani. "Umemwachia dada yangu deni lake! Nani atalilipa sasa?"

"Hakukopa! Mama yangu hakukopa kitu kwa mtu! Hakuna deni, mama mdogo, halikuwepo. Wamemuua kwa neno, na leo mlikuwa mnawamalizia kazi!"

Mama mwenye mtoto mgongoni aliitazama punje iliyokuwa kiganjani mwake, akaiweka chini polepole. Wengine walikuwa bado wamezikunjia ngumi zao, wakimtazama Feza kwa macho mabaya, kwa kuwa amewaharibia matanga. Mara ukuta wa nyumba ya pili ulipitisha sauti. Alikuwa Mzee Amisi, jirani, ambaye naye hakuacha kufunga hata siku moja.

"Mama Sikitu," alimwita mkewe, "lete maji ya kutosha. Punje za deni leo ni nyingi."

Feza alitoka nje pekupeku, mchi mkononi, akaanza kuupiga mlango wa Mzee Amisi kwa nguvu zake zote.