Mkono Nyuma ya Shuka

Siku ya gulio mjini Bukoba, mwaka 1953, Kokushubila alijikwaa kwenye stendi ya kamera mbele ya duka la picha la Harshad. Chuma kikamchana kifundo cha mkono wa kulia. Mushumbusi, mpiga picha wa duka, alidaka kamera kwanza, binti baadaye.

"Kumbe mimi ni wa pili," binti alisema, akikung'uta gauni lake la maua ya manjano.

"Kamera ikivunjika nafukuzwa kazi. Wewe ukivunjika nakuoa."

Akamfunga jeraha kwa leso yake mwenyewe, na mapenzi yakaanzia hapo. Kila Jumamosi binti alipotoka kijijini kwao Kishanda kuja kwa shangazi yake aliyekaa Rwamishenye, alipita dukani. Mushumbusi akamwonyesha reli ya mbao aliyoichonga aifunge juu ya stendi: ukizungusha skrubu, kamera husogea unywele kwa unywele, hata mdudu wa mti wa kahawa akaonekana vinyweleo. Kisha walipasua tunda moja la kahawa ya kutafuna, kila mmoja punje yake.

Mwaka uliofuata Mushumbusi alikwenda Kishanda kuposa, pamoja na baba yake mdogo, Kagaruki. Mzee wa nyumba akamwambia binti awapitishie wageni kahawa. Kokushubila aliificha mikono ndani ya shuka, akasema hapitishi. Kwa Wahaya, mgeni aliyenyimwa kahawa amefukuzwa. Waliondoka bila kuaga, na Mushumbusi akaichana picha ya binti. Alijiambia binti amepata mchumba karani. Mjinga yule, hakuuliza hata mara moja.

Miezi saba baadaye hospitali moja upande wa Muleba iliomba mtu wa kupiga picha za ngozi kwa karibu, daktari apate kufuatilia dawa ya ukoma, na Harshad akamtuma Mushumbusi na reli yake. Ili sura zisionekane, shuka lilitundikwa, na kila mgonjwa akapitisha mkono kwenye tundu.

Mkono wa nne ulikuwa na baka jeupe na vidole vilivyoungua. Mushumbusi alizungusha skrubu mpaka kovu la kifundo likaonekana wazi, kovu la jeraha alilolifunga mwenyewe.

"Koku."

Mkono ulishtuka. "Piga picha uende zako, Mushumbusi."

"Ulitunyima kahawa."

"Nisingeishika kahawa yenu kwa mkono huu. Nilijua mwenzenu naumwa. Baba ameshachoma kitanda changu."

Mushumbusi alilia bila kujificha. Akatoa kahawa mfukoni, akapasua tunda, akaweka punje moja kwenye kiganja kile. Vidole havikuihisi, ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akaitafuna yeye. Ya pili akaipitisha kwenye tundu mpaka ikagusa midomo ya binti.

"Nitakuja kila mwezi," alisema. "Ukitoka hapa, nakuoa."

"Daktari anasema ni miaka. Na huenda nisitoke."

"Nimesikia. Tafuna."

Kisha akamsikia akitafuna, polepole.

"Haya, piga," Kokushubila alisema. "Daktari anataka kuona kama napona. Na mimi nataka kuona."