Langoni kwa Malkia wa Chirenje

"Uliniambia nipige kelele! Uliniambia niliite jina la—"

"Nyamaza, Shekuwe, usilitaje tena hilo—" Msabaha akadakia.

"—mara tatu, ndiyo heshima yao! Sasa kamba hizi za nini?"

"Nilikuwa nakutania, ndugu yangu! Ningekuzuia. Nani alikwambia utangulie?"

Mikuki ya walinzi ikawanyamazisha wote wawili.

Zama zile dhahabu ya milimani iliteremka hadi bandari ya Sofala kubadilishwa kwa vitambaa na shanga. Shekuwe bin Omari, mfanyabiashara wa Kilwa, alikuwa akipanda milima ya Chirenje kwa mara ya kwanza. Msabaha, kiongozi wa msafara, alikuwa ameshaipanda mara tisa, na wapagazi walimpenda kwa mizaha yake.

Siku sita njiani Shekuwe alimwuliza kila kitu. Nivae nini? Nisiguse nini? Mengi Msabaha alimjibu kweli. Jifunike vizuri, ukungu wa kule unauma mifupa. Mito uivuke asubuhi, mchana mvua za juu huijaza. Ila la langoni alimgeuzia. Kumbe mgeni huketi chini nje ya boma, akapiga makofi ya taratibu mpaka aitikiwe. Jina alilozaliwa nalo malkia halitamkwi. Anayelitamka langoni amekuja kunyang'anya kiti, na hutupwa kwenye genge refu la mlima.

Msabaha alikusudia kumshika mkono mwenzake kabla hawajafika, wacheke, yaishe. Lakini Shekuwe alitaka sana kufanya vizuri. Aliamka kabla ya wote, akavaa joho lake jekundu la sikukuu, akaenda peke yake; Msabaha alipomfikia langoni, alikuwa ameshafungwa kamba.

Wakaingizwa bomani. Malkia alikaa kwenye kigoda, bangili za shaba zimejaa hadi kwenye viwiko.

"Muulize," alimwambia Msabaha, "nani amemtuma achukue kiti changu?"

Shekuwe hakuelewa hata neno. Alimgeukia Msabaha, jasho likimtiririka pamoja na baridi yote ile. "Anasemaje? Mwambie sina nia mbaya. Mwambie wewe unanijua."

Msabaha alijua lugha za pande zote mbili, na hakuna mwingine pale aliyezijua. Angeweza kusema mgeni huyu ana wazimu, hatumjui. Angeweza kusema lolote. Alimtazama Shekuwe na lile joho lake lililopasuka begani, akashindwa kumtazama tena. Akapiga magoti.

"Hakutumwa na mtu, Mama. Ni mimi. Nilimdanganya kwamba hivyo ndivyo mnavyosalimiwa."

"Kwa nini?"

Akatafuta sababu kubwa, hakuipata.

"Nilitaka wapagazi wacheke."

Wazee wa baraza wakatazamana. Hakuna aliyemkemea, na hilo lilimwuma zaidi.

"Wakacheka?" malkia akauliza.

"Walicheka, Mama. Mpaka alipofungwa."

Masikio yalimwaka moto. Alitamani hata lile genge, walau lingemfunika.

Malkia alinyanyua kidole. Mlinzi mmoja akazikata kamba za Shekuwe.

"Umemwambia nini?" Shekuwe aliuliza, akisugua mikono yake.

Ikabidi Msabaha airudie aibu ile kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa mtu aliyelala naye hema moja siku sita. Shekuwe alisikiliza hadi mwisho. Alilivuta joho begani, akasogea hatua mbili mbali naye.

"Usiku wa jana," alisema taratibu, "nilikuwa nalikariri lile jina. Nisije nikakutia aibu."

Msabaha akainamisha kichwa mpaka paji likagusa udongo. Akasubiri hukumu yake.

"Inuka," malkia akasema. "Mwezi ujao binti yangu anateremka pwani kwenu. Ndiye atakayekikalia kigoda hiki nikifa. Hajui mnasalimianaje, wala nini kinawaudhi. Nataka umfundishe wewe, unayejua sasa mzaha wa langoni unagharimu nini."