Upepo wa Baba Tutik

Jikoni kwa Mama Tutik tangawizi haikosekani. Mtu akipiga chafya tu, yeye keshashika kinu. Huponda tangawizi, akaichemsha na mchaichai na sukari guru, akakupa unywe ingali moto. Tumbo likijaa, huchemsha manjano na ukwaju, nawe hunywi kabla hujala. Hayo alifundishwa na mama yake, na yamewafaa sana pale kijijini.

Mumewe, Baba Tutik, alikuwa mchoma matofali. Kutwa yuko kwenye joto la tanuri, kisha anatoka nje kwenye upepo wa mashamba ya mpunga. Kila akiumwa, jibu lilikuwa lile lile: ameingiwa na upepo.

Asubuhi moja alirudi kutoka tanurini kabla ya chai. Alikaa kwenye benchi, mkono kifuani.

"Mama Tutik, lete sarafu," alisema. "Leo upepo umenikaa vibaya."

Mama Tutik alimpaka mafuta mgongoni, akaanza kumkwangua kwa sarafu yao ya zamani ili upepo utoke. Michirizi myekundu ikatokea.

"Ona ulivyo mwekundu! Upepo wote huo ulikuwa unaufuga?"

Siku nyingine angejibu kwa mzaha. Leo alizidi kukandamiza kifua. Mgongo wake ulikuwa na jasho, tena la baridi. Mama Tutik akaingiwa na hofu, lakini akazidi kukwangua.

Ndipo akapita dada Parinem, muuza jamu, yaani dawa za mitishamba, kapu la chupa zake likiwa mgongoni.

"Dada Parinem, njoo! Mpe shemeji yako ile kali, ya tangawizi na pilipili."

Parinem alitua kapu, akafungua chupa. Kisha akamtazama Baba Tutik usoni.

"Shemeji, unaumwa wapi?"

"Kifua kinabana, kama nimelaliwa na matofali. Na mkono huu. Mpaka kwenye taya."

Parinem akaifunga chupa.

"Leo siuzi."

"Heee! Unatunyima dawa?" Mama Tutik alikasirika. "Mtu anaumia, wewe unaringa?"

"Siringi, mdogo wangu. Mtu wa upepo hucheua, tumbo humjaa, huona baridi, makamasi humtoka. Huyo nampa tangawizi, anapona. Lakini kifua kubana, jasho la baridi, maumivu kwenda mkononi na kwenye taya, huo huenda ukawa moyo. Muuguzi wa kituo cha afya alitufundisha wauza jamu wote. Tukiona hivyo, tusichelewe hata kidogo. Gari la matofali liko wapi?"

"Nitapumzika tu," Baba Tutik alinong'ona.

"Utapumzika garini!" alisema mkewe.

Alikimbia mpaka tanurini, sarafu bado mkononi. Gari la matofali likaja, wakampeleka kituoni, na kutoka pale akapelekwa hospitali ya wilaya. Ulikuwa moyo kweli. Mshipa wake mmoja ulikuwa umeziba.

"Mngengoja mpaka jioni, tungempoteza," daktari alisema. Mama Tutik alilia pale pale, mbele ya watu.

Baba Tutik alirudi nyumbani na vidonge vya kumeza kila siku. Muuguzi aliwaeleza vizuri. Kikombe chepesi cha tangawizi akipata mafua, sawa. Jamu nyingine yoyote, waulize kwanza, maana baadhi hugombana na vidonge. Na kukwangua mgongo basi, kwa sababu vidonge vile hufanya damu ivilie upesi chini ya ngozi.

Msimu wa mvua ulipofika, Baba Tutik alirudi ameloa chapa chapa, anapiga chafya.

"Mama Tutik, upepo huo!"

Mama Tutik hakushika kinu. Alikuja kwanza, akamgusa paji la uso.

"Kifua?"

"Hakibani."

"Jasho?"

"Hili ni maji ya mvua, mama."

"Taya?"

"Taya linangoja kikombe."

Mama Tutik akacheka, akaenda kuponda tangawizi.