Nusu ya Butoyi

Fabiola alikata bibi arusi mmoja, wakatoka wawili.

Alidhani ni karatasi mbili zilizogandana, maana mvua za Uvira haziachi kitu kikavu ndani ya nyumba. Akachukua karatasi nyingine, akaisugua kwa vidole mpaka akaridhika kwamba ni moja tu, akaweka juu yake kile chuma chembamba chenye umbo la bibi arusi, akazungusha mkono wa mashine yake ya kukatia karatasi. Mashine ikalia kri, kri. Alipofunua, wakatoka wawili tena, na safari hii walikuwa wameshikana mikono.

Mtaa mzima wa Kalundu ulimjua Fabiola kwa kadi zake. Hazikuwa kadi za kusoma na kuweka kabatini. Ukivuta utepe, mlango wa karatasi unafunguka na mtu anatoka. Maua ya pembeni aliyagonga kwa kashe, mihuri ya mpira, moja moja, kwa wino wa rangi. Watu wazima na heshima zao walivuta tepe hizo mpaka wakazikata, kisha wakarudi kwake na uso wa lawama.

Kadi hii ilikuwa ya Norbert, mwenye boti ya mizigo inayokwenda mji wa Baraka. Alikuwa anamwoa Bukuru, rafiki wa Fabiola tangu shule ya msingi. Alitaka bibi arusi atoke mlangoni amfikie bwana arusi, na chini yao liandikwe jina la mke.

Sasa, huku kwetu ukisikia jina Bukuru huulizi mengi. Ni pacha aliyetangulia kuzaliwa, na lazima yuko Butoyi, aliyemfuata. Mapacha nao hupewa sawasawa, kitenge kwa kitenge, sahani kwa sahani. Hata mmoja akifa, mama zetu humtengea sehemu yake. Fabiola alilelewa humo humo, kwa hiyo aliuliza.

"Na Butoyi? Nimukatie naye pembeni?"

"Butoyi alishakufa," Norbert akasema. "Kata Bukuru tu. Minye sioe mufu."

Alipaswa kukataa kazi hiyo na kumrudishia komande yake pale pale. Hakufanya hivyo, kwa sababu alimwogopa Norbert, na kwa sababu alitamani rafiki yake awe na kadi nzuri kuliko zote. Hilo ndilo kosa lake, na mtu wa mbali hawezi kuelewa ukubwa wake.

Butoyi ndiye aliyekuwa mchumba wa Norbert kwanza. Boti ilipinduka njiani wakiwa pamoja, Norbert akarudi, Butoyi hakurudi, wala ziwa halikutoa mwili. Mahari ilikuwa imekwisha kuliwa, familia zikakaa, zikaamua Bukuru achukue nafasi ya mdogo wake. Wazee walilisema jambo hilo kama watu wanaobadilishana viti. Na tangu siku ile mtaani walinong'ona kwamba pacha aliyekufa hurudi kumchukua mwenzake, na Fabiola, akiwatazama wale wasichana wawili wa karatasi, aliamini kwamba Butoyi amemjia Bukuru.

Akawatenganisha kwa mkasi. Adhuhuri hiyo chumba kikaanza kunuka matope ya chini ya ziwa. Akagonga kashe ya ua, na badala ya ua ikatoka alama ya vidole vya mtu, vimekunjwa, vinashikilia kitu. Akagonga tena, vikatoka vingine. Akamkata bwana arusi, naye akatoka amepasuka katikati, toka utosini mpaka miguuni, nusu huku na nusu kule. Akamgundisha, akamweka chini ya tofali, akaenda kupika, na aliporudi tofali lilikuwa limeloa, nusu ya kulia ilikuwa kavu kama alivyoiacha na nusu ya kushoto ilikuwa inatiririsha maji juu ya meza, maji mengi ambayo kikaratasi kama kile hakiwezi kuyabeba, yakidondoka sakafuni taratibu, na kila tone lilipodondoka mkono wa mashine ulijizungusha kidogo, kri, kama mtu anayejaribu kuona unafanyaje kazi.

Fabiola alitoka mbio bila viatu mpaka kwa Mama Zaina, anayewapunga watu wenye majini huku akiuza vitenge. Mama Zaina alikuja, akanusa karatasi, akapiga dua. Kisha akakunja mkeka wake.

"Mama, usiniache," Fabiola akanong'ona. "Lifukuze."

"Jini ningelifukuza asubuhi, mchana tukakula," Mama Zaina akajibu kwa sauti ya chini. "Lakini huyu haiko jini, mwanangu. Huyu anadai haki yake. Muulize pacha yake."

Bukuru alikuja mvua ikinyesha. Fabiola akamwonyesha kila kitu, huku analia.

"Kimbia, Bukuru. Vuka mpaka wa Kavimvira leo leo, uende Bujumbura. Anakutafuta weye!"

Bukuru aliwaokota wale bibi arusi wawili, akawafuta maji kwa kanga yake. "Hanitafute minye," akasema. "Minye naye tunaongea kila siku."

"Anakuambia nini?"

"Boti ilipopinduka, kulikuwa bidoni moja tupu ya mafuta yenye kuelea. Ilitosha bantu wawili. Norbert alimubandua vidole, kimoja kimoja. Butoyi alimuita kwa jina, yeye anabandua tu." Alisema bila machozi. "Alimunyima nusu yake."

"Na weye ukakubali akuoe?"

"Njo sababu nilikubali. Kitu ya mutu mwingine siwezi kumugawia Butoyi. Norbert akuwe wangu kwanza. Kile kiko changu, nusu njo yake." Akawaweka bibi arusi wote wawili mkononi mwa Fabiola. "Babandike bote. Na ule mwanaume, usimugundishe tena."

Moto wa mkaa ulikuwa karibu, na kadi ingeungua upesi. Fabiola alijua kwamba maisha ya mtu yako mikononi mwake. Akavifikiria vile vidole. Hasira ikampanda mpaka meno yakamuuma, akachukua gundi, akawabandika wote wawili, na sitamtetea: aliipaka vizuri.

Siku ya mariaje, ukumbini mwa harusi, Norbert aliinua kadi mbele ya wageni akavuta utepe. Mlango ukafunguka, bibi arusi akatoka, watu wakapiga makofi. Akauachia utepe. Utepe ukaendelea kwenda wenyewe, ukivutwa kutoka ndani ya kadi, na yule wa pili akatoka, ameloa, na harufu ya ziwa ikajaa ukumbini mpaka wapiga ngoma wakaacha, na Norbert akafungua mdomo aite mtu, mdomo ukafunguka upande mmoja tu, mguu wa kushoto ukamkimbia, akaanguka juu ya meza ya keki.

Hospitalini walisema ni mshipa wa kichwani. Hawakuweza kusema kwa nini upande wa kushoto haukauki.

Fabiola alikwenda kumwona nyumbani. Bukuru alikuwa anamwogesha mumewe, mkono wa kulia, mguu wa kulia, shavu la kulia, kwa uangalifu wa mke mwema. Upande mwingine ngozi ilikuwa imevimba na kukunjamana, nyeupe, na kwenye kidole cha mwisho ukucha ulikuwa umeanza kubanduka. Jicho lililo hai lilimsihi Fabiola. Huruma ikamshika, akachukua kitambaa akausogelea ule mkono wa kushoto.

Bukuru akamzuia. "Wacha. Ule upande haiko wangu."

Upande wa kushoto wa godoro ukabonyea polepole, kama mtu amekaa. Ukucha ukatoka. Norbert akalia kwa nusu ya sauti.

"Itakuwa hivi mpaka lini?" Fabiola akauliza.

"Mpaka azeeke," Bukuru akasema, akimkausha vidole vyake vya kulia. "Butoyi haiko na haraka."