Saa Mbili ya Hana

Kila Ijumaa asubuhi nyumbani kwetu, mtaa wa Al-Hindawiyah huku kwa Waarabu, hakukaliki. Mama anakaanga maandazi, mimi napanda na kushuka ngazi kuangalia ruta, na mdogo wangu Hana, wa miaka kumi na miwili, ananifuata nyuma na simu mkononi kama karani wa mahakama. Lakini Ijumaa ninayotaka kuwasimulia ilizidi.

Kwanza mjue habari yenyewe, maana hata mimi bado siamini kama tumeweza. Jengo letu zima, ghorofa nne, lina mtandao wake. Mimi, Badriya, nilisomea kompyuta chuoni. Basi tukashirikiana na majirani, tukavuta waya kutoka juu ya paa mpaka dukani chini, tukafunga ruta kila ghorofa, na kompyuta moja kuukuu tukaiweka nyuma ya friji yetu. Ndani yake mna tovuti ya Kiswahili: wapi pana daktari, nani anajua kujaza fomu za ikama, yaani kibali cha kuishi huku, fundi gani hasumbui. Huna bando? Simama kwenye ngazi tu, inafunguka.

Hana alipewa ukurasa wa afya. Sharti lilikuwa moja: ukiandika, mtu mwingine akague kwanza. "Dada, mimi si mtoto," alisema, na akautoa ukurasa peke yake, mbio mbio.

Ijumaa hiyo, saa tano asubuhi, mlango ukagongwa. Alikuwa Peris, Mkenya anayemlelea madam mmoja wa mtaa wa Al-Nuzha mtoto mchanga. Kila Ijumaa hupewa ruhusa mpaka saa sita, naye huja kwetu kunywa chai. Siku hiyo viatu vyake vilikuwa vumbi tupu.

"Mama Badriya, natoka Balad, mji wa kale, kwa yule daktari wa macho wa bure," alisema, akajitupa kwenye mkeka. "Nimesimama hapo tangu saa mbili. Mlango umefungwa. Hakuna mtu, ni paka tu."

"Kwani ukurasa ulisema saa mbili?" Mama akauliza.

"Hivyo ndivyo nilisoma wiki jana, hapo kwa ngazi yenu."

Hana akaondoka kimya kwenda jikoni. Nilidhani anafuata chai. Nilipofungua ukurasa, palikuwa pameandikwa waziwazi: Ijumaa, saa nane mchana.

"Ni saa nane, Peris," nikamwambia, na nikacheka. Sikujua nacheka nini.

Peris akaichukua simu, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Uso ukamshuka. "Basi haya macho yameisha kabisa. Kitambo nilikuwa naona ukungu tu. Sasa naona hata maneno yenye hayako."

Hana akaleta chai, nusu yake imemwagikia sahani. Akakaa. Akainuka. Akaenda dirishani, akarudi, akashika andazi, akaliacha.

"Una nini wewe, umekalia siafu?" Mama akamuuliza.

"Mafi," akajibu kwa Kiarabu. "Sina kitu."

Peris aliendelea, sauti chini. "Juzi nikishuka ngazi na mtoto wa watu mkononi, nikakosa kidato kimoja. Mungu tu alitushika. Leo nikirudi nitamwambia madam anikatie tikiti nirudi Machakos. Heri niache kazi kabla sijaangusha mtoto."

Hapo Hana akasimama katikati ya chumba, anasokota ncha ya mtandio.

"Anti Peris, hukusoma vibaya. Mimi ndiye niliyeandika saa mbili. Nimebadilisha sasa hivi, jikoni."

Kisha akatueleza. Tangazo la daktari lilikuwa la Kiarabu. Shuleni kwao mshale ukiwa kwenye mbili, husema saa mbili. Sisi Waswahili mshale huohuo tunausoma saa nane. Yeye aliandika ya shuleni, tena hakutaja hata kama ni mchana.

Mama hakugomba. "Mimi nilipoletwa huku na baba yenu, nilikosa harusi ya wifi yangu kwa saa hizihizi," alisema. Akampa Hana simu. "Saa nane ya leo haijafika, lakini Peris ruhusa yake inaisha saa sita. Kiarabu chako ndicho kizuri humu ndani. Mpigie madam, umwambie mwenyewe."

Hana akapiga. Akasema yote, hata la jikoni. Tulimsikia madam akiuliza kwa nini aamini maneno ya mtoto.

"Kwa sababu yananitia aibu," Hana akamjibu. "Ningekuwa natunga, ningetunga ya kunipendeza."

Halafu madam akasema: "Halas. Mpaka laasiri. Mtoto wangu akilia, nakupigia wewe umbembeleze."

Hana alimsindikiza Peris mpaka Balad, amembebea mkoba. Daktari akasema macho ni ya umri tu, kinachotakiwa ni miwani. Kumbe walikuwa nayo palepale, sanduku zima.

Alasiri ile Peris alipita kutuaga, akasimama kwenye ngazi na miwani yake mpya, akafungua ukurasa. Chini ya saa nane mchana Hana alikuwa ameongeza: Mwanzo niliandika saa mbili. Kosa ni langu. Hana.

Peris akamvuta karibu. "Sikia, mtoto wangu. Kukosea kwako kulinipotezea asubuhi moja. Kukosea tunakosea wote. Lakini kule kuficha kulitaka kunifanya niache kazi, tena nisiyaamini macho yangu mwenyewe. Watu wanaamini kile umeandika. Ukikosea, sema mapema, usingoje mwingine abebe."

"Nimesikia, Anti."

"Vizuri." Peris akaisogeza miwani puani. "Na hapa umeandika 'dakatari'."

Hana akaipokea simu haraka arekebishe. Kidole kikabaki hewani. Akageuka, akanipa mimi.

"Kagua kwanza, Dada," akasema.